Zamu ya Upepo

Msafara ulioingia Dirbo jioni ile ulikuwa wa ngamia wachache, na kila ngamia alibeba vichaka vikavu. Watoto waliokuwa wakicheza karibu na tangi walidhani ni kuni. Mwanamke mmoja, Qabale Tuye, aliyekuwa akifunga mlango wa kiwanda cha maziwa, alitazama vizuri zaidi. Kuni hukatwa. Vichaka hivi vilikuwa vimeng'olewa pamoja na mizizi yake, vikafungwa kwa uangalifu, kama mtu anavyomfunga mgonjwa juu ya ngamia ili asidondoke njiani.

Aliyetangulia alikuwa Adano Boru wa Korka. Dada yake alikuwa ameolewa na mdogo wake Qabale, kwa hiyo hawa wawili waliitana shemeji, na walikuwa wametaniana tangu ujana.

"Shemeji," Qabale alisema, "mahari tuliyowapa mmekwisha kuyala, sasa mnatuletea miba?"

"Mahari gani? Ngamia mliotupa walikuwa vilema. Hata fisi aliwaonea huruma."

Qabale alicheka. Adano naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Akawapigisha magoti ngamia wake na kuanza kushusha mizigo chini ya nguzo ya kwanza.

Hakuna aliyemuuliza neno kabla hajanywa. Bomba la Dirbo lilifunguka kwa kiganja cha mkazi tu, na lilifunga lenyewe ndoo ikijaa. Qabale aliweka kiganja chake juu ya kioo cha bomba tena na tena, mpaka wageni wakanywa, mpaka na ngamia wakanywa. Kila mara sauti tulivu kutoka ndani ya bomba ilimkumbusha kwamba mgawo wa nyumba yake unapungua. Sauti hiyo ilikuwa ya Mratibu, mashine iliyosimamia maji ya kijiji. Haikuwa ya kiume wala ya kike, na haikuwahi kukasirika.

Adano alijifuta ndevu. "Maji tumekunywa, tunashukuru. Lakini maji siyo yaliyotuleta."

"Mmekuja kuomba nini?"

"Umande wetu," Adano alisema. "Na kuomba ni neno lako wewe."

*

Nguzo za Dirbo zilisimama upande wa mashariki wa kijiji, ndefu mno, na kila moja ilibeba mapazia mapana ya nyuzi zilizopakwa chumvi ya kioo. Usiku, upepo ulipokuja kutoka bahari ya mbali ambayo hakuna mtu wa Dirbo aliyewahi kuiona, chumvi ile ilinyonya unyevu wote uliokuwamo. Mchana jua lilipopiga, chumvi iliutema unyevu ule ukiwa maji, yakashuka kwa mabomba hadi kwenye tangi. Mratibu, aliyekaa ndani ya sanduku la chuma chini ya nguzo ya kwanza, aliyageuza mapazia kuufuata upepo, bila kukosea na bila kuchoka.

Shirika la Umande lilipozileta nguzo hizo, wahandisi walichora mchoro wa nguzo zilizotawanyika, moja huku, nyingine kule, kama kundi linalolisha. Wazee waliukataa. Kambi yao hupigwa kwa mstari mmoja kutoka kaskazini hadi kusini, milango yote ikitazama magharibi, na kila nyumba hujua jirani yake ni nani. Mzee Galgalo aliwaambia wahandisi kwamba vitu vilivyotawanyika namna ile humkumbusha kambi iliyovamiwa. Wahandisi wakapima, wakaona kwamba mstari ulionyooka ungekamata upepo vizuri kuliko mchoro wao, wakakubali kwa furaha. Kila nguzo ikapewa nyumba moja, ikasimikwa kwa mpangilio wa nyumba zenyewe. Wanawake wakafunga kwenye kila nguzo ugwe wa ngozi kutoka kwenye mahema yao, kama wanavyofanya kambi mpya inapopigwa.

Dirbo ilibadilika. Palikuwa na bustani sasa, na kiwanda kidogo cha kukausha maziwa ya ngamia, na shule iliyokuwa na choo cha maji. Shirika lilisema Dirbo imekaribia kuvuka mstari, yaani mstari ambao chini yake mtu huitwa maskini. Dirbo ingekuwa ya kwanza kuuvuka katika jangwa lote.

Hakuna aliyekwenda kuutazama mstari wa nguzo kutoka upande wa pili. Korka iko magharibi, mwendo wa siku moja, mahali ambapo upepo hufika baada ya kupita Dirbo. Korka haina kisima cha kutegemewa. Ngamia wa kule hunywa kwa kula: hupelekwa malishoni kabla ya jua kuchomoza, vichaka vikiwa vimelowa, na kwa namna hiyo huweza kukaa wiki nyingi bila kuhitaji kisima. Tangu nguzo ziliposimama, Korka ilikuwa ikiamkia majani makavu.

Adano alikivunja kichaka kimoja. Kilivunjika kwa mlio mwepesi, kama mfupa wa ndege.

"Hiki nilikikuta kikubwa nilipozaliwa," alisema. "Nimekileta ukizike wewe, shemeji. Mimi sina nguvu."

*

Mhandisi Chelagat alikaa katika nyumba ya bati kando ya tangi. Alikuwa ameishi Dirbo miaka mitatu, alijua majina ya mbuzi, na watoto walimpenda. Asubuhi Qabale alimpelekea tawi la kichaka kile na kuliweka juu ya meza yake, karibu na kikombe cha chai.

Chelagat alilitazama kwa muda. "Kimetoka Korka," alisema.

"Umejuaje?"

"Tulijua tangu mwanzo, Mama Darmi. Tunapaita kivuli. Nguzo ikinyonya upepo, nyuma yake huwa pakavu. Tulipiga hesabu, tukaona kivuli kinaangukia Korka."

"Mkasema nini?"

"Wakubwa walisema Korka ni watu wachache. Dirbo ikishavuka mstari, Korka wataletwa hapa. Watapata bomba, watapata shule. Kwenye karatasi ni jambo jema."

"Korka waliulizwa?"

Chelagat alikisogeza kikombe chake mbali na tawi. Qabale hakumchukia. Aliona binti aliyefanya kazi nzuri kwa mikono yake na sasa hajui aiweke wapi. Yeye mwenyewe, kabla ya nguzo, alikuwa akichoma makaa. Mtu anayechoma makaa hujifunza kutomhukumu mwenzake haraka, kwa sababu kila gunia ni mti, na kila mti una mtu aliyetaka kivuli chake.

"Nikizifunga nguzo usiku mmoja, nikazifungua usiku unaofuata?" Qabale aliuliza. "Usiku mmoja upepo uwe wetu, usiku mmoja uwe wao."

"Tangi litajaa nusu. Hamtavuka mstari mwaka huu, pengine wala mwaka ujao. Na mkataba unasema wazi: watu wakizifunga kwa kupenda kwao, nguzo zinang'olewa na kupelekwa kijiji kingine. Viko vingi vinavyongoja." Alishusha sauti. "Lakini kuna njia. Mratibu hufunga mapazia mwenyewe dhoruba ya vumbi ikija, ili chumvi isiharibike. Mimi ndiye ninayemwambia vumbi ni nini. Naweza kumfanya aone vumbi, usiku mmoja kwa mmoja. Korka watapata umande wao. Ninyi mtabaki na nguzo. Hakuna atakayejua."

Qabale alilivunja tawi kipande kwa kipande mpaka chai ya mhandisi ikapoa. Wazo lilikuwa zuri, na aliyelitoa alikuwa akihatarisha kazi yake. Alimfikiria Darmi, binti yake, aliyesimamia kiwanda cha maziwa na ambaye hakuwa na alama hata moja ya moto mikononi.

"Nikikubali," alisema hatimaye, "Korka watakuwa vumbi."

"Sikukuelewa, mama."

"Ndani ya kichwa cha Mratibu. Upepo utafunguliwa kwa sababu ya vumbi, si kwa sababu ya watu. Na wewe hutakaa hapa milele. Atakuja mhandisi mwingine, mtu mwema kama wewe, ataona vumbi lisilokuwapo, atasema hii ni hitilafu, atatengeneza. Nani atamwambia asitengeneze?"

*

Wakazi walikutana mchana chini ya nguzo, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli. Adano alikaa pembeni na watu wake, vichaka vyao mbele yao.

Qabale alikuwa mama wa zamu. Tangu zamani kisima kilikuwa na mtu mmoja wa kupanga nani anywe kabla ya nani, na wakati wa kunywesha hata tajiri wa ngamia hakumpinga. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Nguzo zilipokuja wanaume hawakujua kama maji yanayotoka hewani yana zamu, wakamwachia mwanamke. Leo alikuja na fimbo ya kisima, ile ya zamani, ambayo ikilazwa mdomoni pa kisima hakuna anayeiondoa ila aliyeilaza.

Aliwaeleza yote, isipokuwa jina la aliyetaka kumsaidia. Alisema iko njia ya kimya, na kwamba yeye haitaki.

Darmi ndiye aliyesimama kwanza. "Mama, mimi nilizaliwa ndani ya moshi. Kikohozi changu kilikuwa cha makaa yako. Sasa wanawake wa hapa wanalala wameshiba, halafu wewe unapewa njia ya kutotuumiza, unasema huitaki kwa kuwa ni ya kimya? Kimya kina ubaya gani?"

"Kimya ndicho kilichowakausha Korka," Qabale alisema. "Mtu alijua, akanyamaza."

"Basi wahamie hapa. Nafasi ipo."

"Binti yangu," Adano alisema kutoka pale alipokaa, "nikiwa Korka mimi ni mwenye ngamia. Nikija hapa nitakuwa mtu wa kuazimwa kiganja. Jana nimekunywa kwa kiganja cha mama yako. Maji yalikuwa matamu. Sitaki kuyazoea."

Watu walinung'unika, wengine wakiunga mkono huku, wengine kule. Qabale aliwaacha waseme mpaka maneno yakaanza kurudiwa. Kisha akailaza fimbo chini ya nguzo ya kwanza, mbele ya sanduku la chuma.

Mzee Galgalo alikohoa. "Mwanangu, fimbo kisima kinaijua. Sanduku hili haliijui. Jua likizama litayafungua mapazia, fimbo ikiwapo, isiwepo."

"Ni kweli, mzee. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeikataa michoro yao. Uliwaambia wazipange nguzo kama nini?"

"Kama kambi. Kama nyumba."

"Na zilipopangwa, kila nguzo ilipewa nani?"

"Nyumba moja moja."

"Nyumba ya kwetu inashushwa na nani siku ya kuhama?"

Mzee aliona anakoelekea, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na mwenye nyumba. Mwanamke. Mwanamume akigusa mkeka wa juu tunamcheka mpaka ahame."

"Basi hizi ni nyumba," Qabale alisema. "Wahandisi walikubali wenyewe ziwe nyumba, kwa sababu iliwapa maji zaidi. Leo jioni mimi naishusha yangu. Sitaigusa ya mtu mwingine. Siwezi, na hata ningeweza nisingeigusa. Kila mwanamke atazame kamba yake."

Alipomaliza, alimtazama Darmi. Nguzo ya mwisho upande wa kusini ilikuwa ya Darmi, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa changa kuliko zote. Darmi alikuwa amekunja mikono.

*

Jua lilipokaribia kuzama, wanawake walitoka na kamba zao za kusuka. Mapazia yalikuwa mazito na yalikwaruza mikono kwa chumvi, lakini yaliteremka kama mikeka ya hema inavyoteremka: mmoja analegeza juu, wa pili anapokea, wa tatu anakunja kwa kufuata mkunjo. Walipofika kwenye nguzo za katikati mtu alianza ule wimbo wa kisima, wa kupokezana ndoo, na mikono yao ikaufuata bila kuambiwa. Wanaume walisimama kando. Galgalo aliwaambia vijana wasithubutu kusaidia.

Mota za nguzo ziliguna, zikajaribu kuyafungua mapazia, zikakuta yamefungwa kwa mafundo ya kubebea nyumba. Fundo hilo hushika siku nzima juu ya ngamia anayetembea. Mota zikanyamaza.

"Mapazia hayafunguki," Mratibu alisema. "Tafadhali taja sababu. Hitilafu, dhoruba, wizi au vita."

Chelagat alisimama mlangoni pa nyumba yake ya bati. Alimtazama Qabale kwa macho ya kusihi, na midomo yake ikalitengeneza neno moja bila sauti: dhoruba.

"Zamu," Qabale alisema.

"Sababu hiyo haimo katika sababu ninazozijua."

"Ni zamu ya Korka. Kesho ni yetu. Kesho kutwa ni yao."

"Sababu hiyo haimo katika sababu ninazozijua. Bila sababu inayokubalika, nitalitaarifu Shirika kwamba wakazi wamefunga kwa hiari yao."

"Hivyo ndivyo ilivyo," Qabale alisema. "Wataarifu."

Upepo ulianza kuvuma. Ulipita kati ya nguzo zilizo uchi, ukawapuliza wanawake mashuka yao, ukaendelea magharibi. Nguzo moja tu, kusini kabisa, ilikuwa na mapazia yake yamefunguka yote, na Darmi alikaa chini yake, mgongo ukiiegemea. Jirani mmoja alimwambia Qabale aende akamwamuru. Ni binti yake, asingekataa.

"Ni nyumba yake," Qabale alijibu, na akaenda kuwapikia wageni.

*

Alfajiri Adano alimwita. Ngamia wake walikuwa wamepita magharibi ya nguzo, kwenye vichaka vilivyokaribia kufa, na walikuwa wakila bila kuinua vichwa. Qabale alipofika karibu aliona midomo yao iking'aa. Alivuta kijitawi kidogo kati ya vidole. Kilikuwa kimelowa. Alikiweka ulimini kwanza, halafu akampa Adano, ambaye alikitazama tu akakirudisha mahali pake juu ya tawi, kana kwamba kingeweza kushika tena.

Droni ya Shirika ilifika jua likiwa limepanda kidogo. Ilishuka mpaka usawa wa nyumba na kuning'inia mbele ya tangi, jicho lake likigeuka polepole. Watu wote walitoka. Sauti iliyotoka ndani yake haikuwa ya Mratibu. Ilikuwa ya mwanamume, mkurugenzi, na ilikuwa ya adabu.

Alisema Shirika limesikitika. Alisema Dirbo ilibakiza hatua ndogo tu. Alisema kikosi cha kung'oa nguzo kitaondoka mjini, kwa kuwa mkataba ni mkataba, na kijiji kingine chenye njaa hakiwezi kuwangoja watu wanaokataa kula.

"Kiambie kikosi chako kije na wanawake," Qabale alisema.

"Sikukusikia vizuri, mama."

"Hizi ni nyumba zetu. Hapa nyumba haishushwi na mwanamume wala na mashine. Atakayekuja kung'oa ataanza na mimi, kwa sababu nguzo ya kwanza ni yangu na mimi nitakuwa chini yake. Tena mje mchana. Tutakuwa tumewaandalia chai."

Mtu alicheka nyuma. Jicho la droni lilipepesa, likasogea kusini, likatulia juu ya mapazia yaliyofunguka.

"Naona nguzo moja imebaki kazini," mkurugenzi alisema. Sauti yake ilichangamka. "Mwenye nguzo hii ameheshimu mkataba. Nguzo yake haitang'olewa. Bomba la kiwanda litafunguka kwa kiganja chake. Shirika halimsahau mtu mtiifu."

Darmi alikuwa bado amekaa pale pale. Alisimama polepole, akajipangusa vumbi. Aliutazama mstari wa nguzo tupu, moja baada ya nyingine hadi ile ya mama yake, kisha akautazama upande wa magharibi, walipokuwa ngamia. Kivuli cha asubuhi cha mapazia yake kilikuwa kirefu na cheusi, nao ngamia walikizunguka. Ndani ya kivuli kile majani yalikuwa makavu, na mnyama hakuwa na la kutafuta humo.

Aliingia nyumbani kwake. Watu walidhani amekwenda kulia. Alitoka na kamba.

"Binti," mkurugenzi alisema, "nguzo yako iko salama. Huna haja ya kufanya chochote."

"Kiwanda ni cha watu wengi," Darmi alisema. "Usikifungue kwa kiganja changu peke yangu." Akatupa ncha ya kamba juu, akaidaka iliporudi, akafunga. Mapazia yalikuwa mazito, yakiwa yamejaa maji ya usiku kucha. Alijaribu kuyashusha peke yake, akashindwa. Qabale alisimama hatua chache kutoka kwake, mikono nyuma, akingoja.

"Mama," Darmi alisema bila kugeuka, "utasimama tu hapo?"

"Sijaitwa."

"Nakuita. Pokea chini. Na usikunje vibaya, leo jioni tunayafungua, zamu ni yetu."

Qabale alipokea. Wanawake wengine wakaja, mtu akaanza wimbo, na pazia la mwisho likashuka mbele ya jicho la droni, likimwaga maji yake kwenye mchanga, upande wa Korka.